Kifusi cha Mzee Sostenes

Tipa liliingia kinyumenyume kupitia pengo la uzio wa minyaa, likakanyaga mstari wa mabingobingo, likainua mgongo na kumwaga kifusi shimoni. Erica alikuwa jikoni akisonga ugali wa mchana. Alitoka na mwiko mkononi.

"Wewe dereva! Nani amekutuma hapa?"

"Shikamoo mama. Mzee Sostenes. Kasema mwenye kiwanja anajua."

"Mwenye kiwanja ni mimi."

Dereva akamtazama, akautazama na mwiko, akacheka kidogo bila ubaya. "Basi muulize baba, mama. Mimi nimetumwa tu."

Akateremsha mgongo wa tipa na kwenda kuleta mzigo mwingine. Vumbi jeupe la saruji ya zamani na vigae vilivyovunjika likatanda juu ya majani. Chura mmoja alitoka chini ya kifusi akijikokota, akavuka ua na kupotelea kwa jirani.

Shimo lile lilikuwa upande wa juu wa kiwanja, kule maji yanakotokea kilimani. Udongo wake ndio uliosimamisha nyumba yao. Erica na mumewe Yotham waliuchekecha, wakauchanganya na saruji kidogo, wakaushindilia kwa mashine ya kukodi, tofali moja baada ya jingine, kisha wakayafunika matofali kwa magunia mabichi mpaka yakakomaa. Hawakukata mti hata mmoja wa kuchomea. Nyumba ilipokwisha shimo likabaki. Yotham akalizungushia ukingo wa mawe, akapanda mabingobingo na nyasi. Tangu hapo mvua ikinyesha, maji ya kilimani yaliingia humo, yakatulia, yakanywewa na ardhi taratibu. Kiangazi, majirani walikuja kukata majani ya mbuzi wao. Watu wa Mtaa wa Mawe Mawili walilizoea shimo kama walivyouzoea mlango wa Yotham.

Jioni Yotham aliporudi kutoka kazini, kwenye ghala la chuo alikokuwa mtunza stoo, alimkuta mkewe amekaa kwenye kizingiti.

"Umempa Sostenes shimo letu."

"Sijampa. Aliomba kulisawazisha. Magari ya wageni wake hayana pa kugeuzia."

"Na maji yatakwenda wapi?"

"Kasema atachimba mfereji."

"Lini?"

Yotham aliinama akavua viatu. Alikuwa amelijua swali hilo tangu Sostenes alipomshika bega nje ya kanisa, akamwita ndugu mbele ya watu, akamweleza haja yake kama mtu anayetoa taarifa.

"Mama Ruthu," alisema, "mtoto ndiyo kwanza ameanza kazi. Amekaa hapa ndani na cheti chake tangu amalize chuo, wewe mwenyewe ulikuwa unalia. Mzee wa watu kampokea bila hata kumfanyia usaili. Halafu anaomba pa kugeuzia gari. Ulitaka nimjibu nini?"

Kutoka chumba cha pembeni, mama mkwe wake, Bibi Tabu, aliyekuwa akisikia kila neno, akasema kwa sauti kavu, "Mngemwambia akageuzie gari kwao."

*

Asubuhi Erica alipanda njia ya juu mpaka kwenye nyumba ya wageni ya Mzee Sostenes. Uwanja mzima ulikuwa umeshatandikwa pevingi, vile vitofali vya saruji vya kutandaza chini, kutoka ukutani mpaka ukutani, usibaki hata unyasi. Paa lilikuwa kubwa kama la kanisa, na mabomba yake ya maji ya mvua yote yalielekea chini, kwa Erica.

Mapokezi alimkuta Ruthu, binti yake, kavaa sketi nyeusi na blauzi yenye jina lake kifuani. Walikuwa wamekunywa chai pamoja saa chache zilizopita.

"Karibu," Ruthu alisema, kisha akashusha sauti. "Mama, ndala zako."

Erica aliangalia chini. Alikuwa ameacha alama za udongo mwekundu kwenye vigae vyeupe. Akavua ndala, akazishika mkononi.

"Nataka kumwona mzee wako."

"Una appointment? Mama, nauliza tu, ndiyo utaratibu. Kaa pale nje kwanza, nimpigie."

Alikaa nje. Wageni wawili wenye vitambulisho vya mkutano shingoni walipita, mmoja akamuuliza kama yeye ndiye anayefua nguo. Erica akasema hapana.

Sostenes alitoka mwenyewe, mikono imefunguka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na hakuna msiba mtaani uliopita bila gari lake.

"Mama Ruthu! Wamekuacha juani? Ruthu, mletee mama soda."

"Sikuja kunywa soda, mzee. Shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya shimo. Maji yote ya kilimani yanaingia pale. Sasa na haya ya bati lako na ya uwanja wako yatakuja hukohuko."

"Marahaba. Nimelifikiria hilo. Fundi wangu wa mifereji ana kazi Bahi, akimaliza anakuja. Lakini mama, lile shimo lilikuwa mazalia ya mbu! Wageni wananiuliza pale chini kuna nini, naona aibu kuwajibu. Nimewasafishia, sijawaharibia." Akageuka. "Ruthu, wewe umesomea mambo haya. Mweleze mama, wageni wanataka nini?"

Ruthu alisimama na soda kwenye sinia. Alimtazama mwajiri wake, akaitazama miguu mitupu ya mama yake.

"Wanataka parking, mama," alisema.

Sostenes akacheka kwa furaha ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejibu vizuri. Erica akavaa ndala zake nje ya mlango na kushuka.

*

Fundi wa mifereji hakutokea. Mvua ikatokea, alasiri moja ya Januari, baada ya joto lililowafanya kuku wapanue midomo kivulini.

Ilianza kwa matone makubwa ya kuhesabika, halafu kilima chote kikafunikwa. Erica alitoka na beleshi kwenda upande wa juu. Pale palipokuwa na shimo palikuwa pamesawazishwa na kushindiliwa, pagumu kama barabara, na maji yalipita juu yake bila kusita. Yalikuja mekundu, yenye povu, yakiburuta chupa za plastiki na majani makavu. Yakaugonga ukuta wa chumba cha Bibi Tabu, yakakosa pa kwenda, yakaanza kuchimba.

"Mama! Toka humo!" Erica alipiga kelele.

"Natafuta fimbo yangu!"

"Achana na fimbo!"

Alitupa beleshi, akaingia ndani akikimbia. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa chumba aliposikia kona ya nyumba ikishuka. Haikupasuka kwa kishindo kama alivyodhani nyumba huanguka. Ilikaa chini, kama mtu aliyechoka, kisha ukuta ukalala ndani juu ya kitanda, na mwanga wa nje ukaingia na mvua.

Munira, jirani wa chini, mwanamke wa Kondoa aliyekuwa akiuza vitumbua barabarani, alisikia ukelele akaja amejifunga khanga kichwani. Wawili hao waliondoa matofali kwa mikono. Bibi Tabu alikuwa hai. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

"Usinivute," alisema. "Nifunike kwanza, watu wanakuja."

*

Na watu walikuja kweli. Mvua ilipokatika, Bibi akiwa ameshapelekwa hospitalini na Yotham akiwa naye huko, ua ulijaa. Wengine walisaidia kutoa vyombo. Wengine walinyanyua simu zao na kupiga picha. Kitanda cha Bibi, sufuria zake, nguo zake za ndani zilizoning'inia kwenye kamba, vyote vilionekana kutoka barabarani.

"Nyumba za udongo ndiyo hizi," mtu mmoja alisema.

"Siku hizi nani anajenga kwa udongo? Mpaka Wagogo wenyewe wameacha matembe yao ya udongo."

Optatus, mwenyekiti wa mtaa, alishuka kwenye gari la Sostenes, suruali ameikunja mpaka magotini. "Poleni sana. Kila mkutano tunasema, jamani, jengeni nyumba imara."

Erica akaokota tofali moja, akamwekea mikononi. "Mwenyekiti, liangalie. Limevunjika?"

Optatus aligeuza tofali. Lilikuwa zima, kona zake nne zikiwa kali.

"Na yale je? Na lile pale? Yameanguka mazima, kwa sababu chini hakuna kitu. Njoo uone msingi. Maji yamekula ardhi yote chini ya mawe. Hata ungejenga kwa chuma pangeshuka. Miaka yote hii maji yalikuwa yanaingia shimoni. Shimo liko wapi?"

Mwenyekiti aliinama akachungulia chini ya kona. Aliona, maana hakuwa mjinga, na utotoni kwao alichunga ng'ombe kwenye makorongo akijua maji yanavyofanya. Akanyanyuka, akaangalia upande wa juu kilikotandikwa kifusi, halafu akaliangalia gari lililomleta, mlango wake ukiwa bado wazi, na Sostenes kasimama kando yake akimpa pole mama mmoja.

"Mambo ya mvua, mama, ni ya Mungu," alisema. Akaliweka tofali chini taratibu, akajifuta mikono.

*

Jumapili iliyofuata Sostenes aliomba nafasi baada ya matangazo.

"Bwana asifiwe. Wapendwa, ndugu yetu Yotham alijenga kwa kadiri ya uwezo wake. Aliuamini udongo. Hatumlaumu. Lakini sisi tukiwa mwili mmoja, tutakubali mama yetu mzee alale tena kwenye udongo?"

"Hapana!" kanisa likajibu.

Akaahidi matofali ya bloku, saruji, na mafundi wake mwenyewe. Vikapu vikapita. Watu walitoa, hata wale waliokuwa hawana, na walitoa kwa moyo. Mchungaji akaiita familia mbele. Yotham alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema hana la kusema, akashukuru, akashukuru tena, sauti ikamkatika. Alikuwa akilia kweli. Katika machozi yake mlikuwamo shukrani na mlikuwamo aibu, na yeye mwenyewe asingeweza kuzitenganisha.

Kipaza sauti kikaja kwa Erica. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Alitaka kusema juu ya shimo, polepole, bila kumtukana mtu, mpaka kila mmoja aelewe. Akainua macho, akamwona Ruthu kwenye safu ya kwaya. Ruthu alikuwa akitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Bwana asifiwe," Erica alisema. "Tunashukuru."

Kanisa likapiga makofi na vigelegele.

Mchana walikwenda hospitalini. Yotham alimsimulia mama yake habari za harambee, hata jinsi Sostenes alivyomkumbatia. Bibi Tabu alisikiliza akiangalia mguu wake uliofungwa plasta na kuning'inizwa.

"Mmemshukuru?"

"Ndiyo, mama."

"Na mguu wangu, mmemshukuru na huo?"

Yotham akatoka nje kutafuta maji ya kunywa, ingawa chupa ilikuwa imejaa.

*

Chumba kipya kilisimama haraka. Kilikuwa cha bloku, kimepigwa plasta na rangi ya krimu, kizuri kukiangalia kwa nje. Mafundi wa Sostenes walikuwa na pevingi zilizobaki, wakamtandikia Yotham ua wote mpaka ukingoni mwa kiwanja, zawadi juu ya zawadi. Wakati Erica akimwogesha mkwewe hospitalini, waliyapakia matofali ya zamani kwenye mkokoteni wakaondoka nayo.

Ni Ruthu aliyesema yalikokwenda. Alisema wakati wa chakula, bila kutafakari kwanza. "Wamejengea kibanda cha kahawa kule bustanini. Wageni wanakipenda mno, wanapiga nacho picha. Wanasema ni eco-friendly, rafiki wa mazingira."

Erica aliacha kutafuna. "Matofali yetu?"

"Si yalikuwa hayatumiki, mama."

"Yale yaliyomwangukia bibi yako?"

Ruthu akasukuma sahani. "Sasa mimi nifanyeje? Kila siku ni mimi tu. Nikikaa nyumbani tatizo, nikifanya kazi tatizo."

Bibi Tabu aliporudi na magongo, alilala kwenye chumba kipya siku chache tu. Jua la mchana liliingia katika bloku na kubaki humo, na yeye, aliyezaliwa ndani ya tembe, alilalamika kwamba anachomwa kama hindi. Akataka arudishwe kwao Kibakwe kwa binti yake mwingine, kwenye vilima na baridi. Yotham alimsindikiza. Wakati anainuliwa garini alimshika Erica mkono. "Wewe hukunikosea," akamwambia kwa sauti ya kusikika, na Yotham aliyekuwa ameshika magongo akatazama pembeni.

*

Mvua za mwisho wa masika zilipokuja, nyumba ya Yotham haikuingiwa hata na tone. Maji yalishuka kutoka kwa Sostenes, yakateleza juu ya pevingi za ua kama juu ya kioo, yakapita pembeni mwa ukuta mpya, yakaendelea. Yotham aliyatazama dirishani akapumua. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Yanapita vizuri."

Muda si mrefu mlango uligongwa. Alikuwa Munira, amebeba mtoto mgongoni na kiroba cha unga wa mchele kichwani, gauni limelowa mpaka kiunoni.

"Dada Erica, samahani. Naomba niuweke huu unga hapa kwako. Kwangu hakuna pakavu."

"Ingia, ingia. Yameingia mpaka wapi?"

"Mpaka kitandani. Jiko la vitumbua limezama."

"Yametokea wapi?"

Munira alikishusha kiroba, akakifuta kwa upindo wa khanga. Alikuwa mpangaji, na mgeni katika mtaa ule, na hakutaka ugomvi na mtu aliyemfungulia mlango. "Yametoka juu, dada," alisema, bila kuangalia upande wowote.

Erica alimpa Munira nguo kavu, akamchemshia mtoto uji. Mvua ilipopungua alichukua mtaimbo nyuma ya mlango akatoka. Aliukita kwenye mshono wa pevingi ya kwanza, akaing'oa. Akang'oa ya pili. Akaendelea hivyo hadi ukingoni, akapita uzio mpya ambao Sostenes alikuwa ameupanda kulitenga eneo la shimo, akaanza kuchimba kifusi pale magari yanapogeuzia.

Yotham alimfuata mbio. "Mama Ruthu! Hapo ni pake sasa!"

"Ulimwandikia?"

"Sikumwandikia, lakini—"

"Basi ni petu. Leta beleshi."

"Unajua utakachomfanyia mtoto?"

"Najua."

Erica alisubiri kidogo, mtaimbo mkononi, kama mtu anayetaka abishiwe. Yotham alimpa kisogo. Akarudi ndani, na Erica akasikia komeo likisukumwa.

Alichimba jioni hiyo na kesho yake na kesho kutwa. Munira alikuja kusaidia baada ya kumaliza biashara ya asubuhi, akasomba kifusi kwa karai. Viganja vya Erica vilichubuka, akavifunga kwa vipande vya kitenge. Hatimaye Sostenes alishuka na mwavuli. Hakupiga kelele. Alisimama ukingoni mwa shimo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli.

"Mama Ruthu, mimi nimekukosea nini?"

Erica alimweleza. Alimweleza yote aliyokuwa amejiandaa kuyasema kanisani: kilima, bati, pevingi, msingi, mguu wa Bibi, kitanda cha Munira. Sostenes alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Nimewajengea chumba," alisema. "Nimewatandikia ua. Binti yenu nimempa kazi. Na bado."

"Na bado, mzee."

"Sawa," alisema Sostenes. Akafunga mwavuli akapanda zake.

*

Ruthu alirudi mapema siku iliyofuata, sare ameikunja ndani ya mfuko.

"Ameniambia nipumzike. Akinihitaji atapiga simu."

"Ruthu, mwanangu—"

"Usiseme kitu, mama. Nakuomba."

Usiku huo mvua ilinyesha kubwa. Asubuhi shimo lilikuwa limejaa maji mekundu yaliyotulia kimya, na kwenye ukingo wake mashina ya mabingobingo yaliyofukuliwa yalikuwa yameegemezwa yakisubiri kupandwa. Chini ya mteremko, ardhi ya mtaa ilikuwa na unyevu wa kawaida tu.

Ruthu alikuwa amefunga begi. Alisema anakwenda kwa bibi yake, na kutoka huko ataangalia Mpwapwa kama kuna hoteli inayotafuta mtu. Yotham alimpa mkono, akamwombea, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Tangu siku ya mtaimbo alikuwa akiongea na mkewe maneno ya lazima tu: chumvi, funguo, kesho naamka saa ngapi.

Erica alilichukua begi kumsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Walipofika mbele ya mlango wa Munira, Ruthu alinyoosha mkono, akalishika begi kwa nguvu.

"Nitabeba mwenyewe."

Erica akaliachia. Bodaboda iliyokuwa ikisubiri pale ikawashwa, Ruthu akapanda, akaliweka begi mapajani na kutazama mbele.

Munira alikuwa kizingitini kwake, jiko limewaka, uso unang'aa. Hakuwa ameona lolote.

"Dada Erica! Asante, dada! Leo tumelala pakavu, mimi na watoto, hata sakafu haikulowa. Mungu akujalie wewe na watoto wako!"

"Amina," Erica alijibu.

Akapokea vitumbua viwili vya moto alivyopewa ndani ya kipande cha gazeti, akasimama navyo barabarani, mpaka mlio wa pikipiki ukaacha kusikika.